Maski za wazee wetu kwa chuma: si kila kinyago ni cha kusimamisha barabarani

Kila mtu wa Goma anajua Rond-point Chukudu. Sanamu ile ya rangi ya dhahabu, mwanaume na chukudu yake, imekuwa kama kitambulisho cha mji. Mgeni akipiga picha moja tu kabla ya kurudi kwao, mara nyingi anaipiga pale. Na hakuna mukaaji aliyehitaji kuelezwa maana yake: karibu kila jamaa ina baba, mjomba ao jirani aliyewahi kusukuma makala, viazi ao mbao kuteremka mjini.

Sasa tuseme mtu anataka kusimamisha kitu kingine pale mbele, ao kwenye barabara nyingine: maski kubwa ya chuma, mita nne kwenda juu, uso wa wazee wetu. Wazo ni zuri kulisikia. Mafundi wa kusudea chuma hawakosekani Goma, wanatengeneza milango na madirisha ya mji mzima. Lakini kuna swali linalokuja kabla ya kununua hata toli moja. Maski ya nani? Na ile maski, kwa wenyewe, ilikuwa kitu cha kuonyeshwa kila mpita njia?

Tuanze na jirani zetu Warega, wale wa Mwenga na Shabunda katika Kivu ya Kusini na wa Pangi katika Maniema. Maski zao zinajulikana dunia nzima, zinauzwa bei kali huko Ulaya na Marekani. Kumbe nyingi kati yake zinaenea kwenye kiganja cha mkono. Ile inayoitwa lukwakongo ni ya mti, ndogo, imepakwa pemba nyeupe, na chini yake ndevu ndefu za nyuzi. Ilikuwa mali ya mtu aliyefika ngazi ya yananio katika chama cha Bwami. Aliyepanda zaidi mpaka ngazi ya juu, kindi, aliweza kuwa na lukungu, uso mdogo wa pembe ya tembo. Mara nyingi hazikuvaliwa usoni. Mzee aliishika mkononi, akaiweka kwenye kipaji ao begani, akaivuta chini kwa ndevu zake, ao akaitundika kwenye ua pamoja na za wenzake. Wakati huo kulikuwa na wimbo, mchezo na methali. Maski ileile ingeweza kufundisha jambo moja leo na jambo lingine kesho, kufuatana na methali iliyosemwa. Mwenyewe akifa, ilipita kwa aliyechukua nafasi yake, hivyo ilikuwa pia kumbukumbu ya marehemu.

Kwa Wabembe wa Fizi mambo yalikuwa tofauti kabisa. Maski ya alunga ni kubwa, ni kama kofia inayofunika kichwa chote, ina nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa ajabu. Juu yake kulikuwa manyoya ya ndege na miiba ya nungu. Aliyeivaa hakupaswa kutambulikana. Ilikuwa na chama chake na sheria zake, na isipotumiwa ilifichwa mbali na watu.

Tukienda mbali zaidi, upande wa Lomami na Katanga, tunakuta kifwebe ya Wasongye na Waluba. Ni ile yenye mistari mingi iliyochongwa usoni. Kwa Wasongye ya kiume ina kishungi kirefu juu ya kichwa, ya kike ni nyeupe na haina kishungi kikubwa. Hiyo ndiyo inaigwa sana, kwenye fulana, kwenye vitambaa, kwenye meza za wauza sanaa. Mtu anayesema tu « maski ya Afrika » bila kufikiri sana, mara nyingi ndiyo anayoiona kichwani mwake.

Kwa hiyo neno moja, maski, linabeba vitu ambavyo havifanani. Moja ilifundisha wakubwa wachache kwa siri, nyingine ilitisha kijiji, nyingine ilitumiwa kusimamia utawala. Ukiichukua yoyote kati ya hizo ukaifanya chuma cha mita nne, hujaikuza tu, umeibadilisha kazi.

Tena kuna historia ambayo haipendezi. Wakoloni Wabeljiji walikataza Bwami mara ya kwanza mwaka wa 1933, na mara nyingine 1948. Vitu vya chama vilichukuliwa, vingine vikafichwa, vingine vikauzwa. Wazee wengi waliofariki miaka ile hawakuacha mtu wa kupokea. Ndiyo maana leo kijana Murega anaweza kuona maski ya babu yake kwenye simu, ndani ya picha ya makumbusho ya mbali, lakini methali iliyokwenda na maski ile haiko kwenye picha.

Mwaka wa 1973 Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York, akadai inchi zilizonyang'anywa kazi zao za sanaa zirudishiwe. Mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio juu ya jambo hilo. Ubeljiji ilirudisha vitu 114 kati ya 1976 na 1982. Baadaye baadhi ya vitu vya makumbusho ya Kinshasa viliibiwa, vingine vikaonekana tena sokoni Ulaya. Mwaka wa 2022 waziri mkuu wa Kongo alipewa orodha ya vitu karibu 84,000 vilivyo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Mwezi wa sita mwaka huohuo mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kakuungu, maski kubwa sana ya Wasuku, yenye mashavu yaliyovimba. Aliikabidhi kwa makumbusho ya taifa, lakini kwa njia ya mkopo usio na mwisho. Wakongomani wengi waliuliza swali la haki: mtu anakukopesha namna gani kitu chako mwenyewe?

Katika hali hiyo, mtu anayesema « basi tujifanyie zetu, kubwa, za chuma, ambazo hakuna atakayezibeba kwenye sanduku » hana kosa. Wako waliofanya karibu na hivyo, na kazi yao inafundisha.

Wa kwanza ni Mkongomani, Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1967. Alisoma sanaa kwenye Akademia ya Kinshasa, kisha akajifunza kazi ya kuyeyusha na kuunga chuma kwa mafundi wa kazi hiyo. Anaokota kile vita na maisha vimeacha: maganda ya risasi, mapanga, vijiko, funguo, mitego ya panya. Alitengeneza nyumba nzima ya mapanga 999. Panga, ambalo mashambani ni chombo cha kazi na wakati wa vita ni kitu kingine, likawa ukuta na mlango. Mwaka wa 2007 sanamu yake ya mama na mtoto, ya maganda ya risasi, iliwekwa Ixelles, kwenye kartie ya Matonge ya Brussels, mahali Wakongomani wanakutana. Mwaka wa 2018, kwa miaka 70 ya Tangazo la Haki za Binadamu, sanamu yake nyingine ya mwanamke, nayo ya maganda, iliwekwa Paris kwenye jumba la Chaillot, mahali tangazo lenyewe lilipopitishwa mwaka wa 1948. Na kati ya 2020 na 2021 makumbusho ya Tervuren yalionyesha kazi zake uso kwa uso na vitu vya zamani vya Kongo vilivyo mle ndani. Aliyesimamia maonyesho hayo alikuwa mwandishi Mkongomani In Koli Jean Bofane.

Angalia jambo moja: Tsimba haigi maski. Baadhi ya watu wake wa chuma hawana hata kichwa. Alichochukua kwa wazee ni njia yao, ile ya kukusanya vitu vyenye nguvu na kumbukumbu, kuviunganisha kuwa mwili mmoja, halafu kuuliza watu swali.

Wa pili yuko mbali kidogo, Msumbiji, lakini habari yake inatugusa sisi wa mashariki. Vita vya Msumbiji viliisha mwaka wa 1992, bunduki zikabaki zimezikwa kwenye mashamba na kufichwa ndani ya nyumba. Mwaka wa 1995 Baraza la Makanisa la Msumbiji, likiongozwa na askofu Dinis Sengulane wa Anglikana, lilianzisha mpango rahisi: lete silaha, chukua jembe, baiskeli, cherehani ao vifaa vya kujenga. Silaha zilikatwa vipande, vipande vikapewa wasanii wa Maputo. Mwaka wa 2001 msanii anayeitwa Kester alitengeneza kiti cha enzi kwa bunduki hizo. Kisha yeye na wenzake watatu walijenga Mti wa Uzima, mti mzima wa vyuma vya silaha, uzito wake karibu nusu tani. Vyote viwili viko British Museum, London. Kati ya wasanii wa kundi hilo kuna Gonçalo Mabunda, aliyezaliwa 1975, naye ndiye anayetengeneza maski hasa: sehemu za bunduki zinakuwa pua, magazini yanakuwa paji, maganda yanakuwa macho. Uso ule hauigi maski ya kabila fulani. Ni uso wa vita yenyewe, na kila Mwafrika anautambua.

Kwa hapa kwetu kuna onyo ambalo lazima lisemwe waziwazi. Vita vilipoingia ndani ya Goma mwezi wa kwanza 2025, maganda na mabomu yasiyolipuka yalibaki kwenye kartie, mifereji na mashamba. Ganda tupu na kitu ambacho bado kina baruti havitofautiani kwa macho ya mtoto, na wakati mwingine hata kwa macho ya mtu mzima. Mtu yeyote asiokote, asiguse, asipeleke kwa fundi, asitie motoni. Silaha za Msumbiji ziliharibiwa kwanza na watu waliosomea kazi hiyo, ndipo zikafika kwa wasanii. Hakuna sanamu yenye thamani ya mkono wa mtoto.

Hata chuma kisicho cha vita kina hatari zake. Mabati yamepakwa zinki, na maganda ya risasi ni ya shaba ya njano, yaani shaba nyekundu na zinki pamoja. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 tu, wakati chuma kinahitaji karibu nyuzi 1,500 ili kiyeyuke. Maana yake, unaposudea bati, zinki inakwisha kuwa moshi mweupe kabla chuma hakijalainika. Moshi ule unaleta homa, baridi na maumivu ya kifua usiku wake. Mafundi wengi wanaamini kikombe cha maziwa kinaondoa hiyo sumu. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kwanza, kufanyia kazi nje penye upepo, na kuvaa kinga inayofaa.

Na uzito? Toli ya milimita mbili, mita moja kwa mbili, ina kilo 31 hivi. Uso wa maski wa mita nne kwa mbili, pamoja na mikunjo ya pua na mashavu, unakula mita 10 za mraba za toli ama zaidi. Hiyo ni zaidi ya kilo 150 za ngozi peke yake. Ndani yake lazima kuwe na mifupa ya ferabeto na vyuma vya pembe, maana uso mpana unashika upepo kama tanga la mtumbwi, na upepo wa ziwani unajulikana. Chini ni beto. Kwa hilo Goma ina bahati yake ya ajabu: sehemu nyingi za mji zimekaa juu ya mawe ya volkano, lava ya 2002 ikiwa juu ya ile ya zamani. Kuchimba ni mateso, lakini msingi ukishashika, umeshika.

Volkano ileile inadai malipo yake. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, ikichanganyika na mvua inaleta maji yenye asidi. Wakaaji wa vijiji vya karibu na mlima wanajua jinsi mabati yao yanavyotoboka mapema. Sanamu ya chuma isiyopakwa rangi ya kuzuia kutu, tena na tena, itaanza kulia machozi ya rangi ya kahawia kwenye mashavu yake baada ya misimu michache. Wanaoomba michango kwa sanamu wanafikiria siku ya kufungua, muziki na kanda ya kukata. Feza ya kupaka rangi mwaka wa tano hakuna anayeitaja.

Turudi kwenye swali la mwanzo, maski ya nani. Goma ni mji wa watu waliotoka kila mahali: Wahunde, Wanande, Wanyanga, Wakumu, Wahutu, Watutsi, Washi, Wahavu, Warega, Watembo, Wabembe na wengine, wengi wao wamefika wakikimbia. Si makabila yote ya hapa yalikuwa na desturi ya maski. Kuchukua kifwebe ya Wasongye na kuisimamisha Goma kama « wazee wetu » ni kuazima wazee wa watu wengine huku wa hapa wakisahauliwa. Kuchukua idimu ya Warega bila kuuliza wakubwa wa Bwami, ambao wako hata leo, ni kurudia kidogo kile mkoloni alichofanya: kubeba uso, kuacha maneno.

Lakini kama mtu anataka chuma cha wazee katika Kivu ya Kaskazini, kipo, na hakihitaji kuazimwa.

Chuma chenyewe ni urithi. Katika bonde la Upemba, kule kwa Waluba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la zaidi ya miaka elfu moja ambamo mkubwa alizikwa na shoka la heshima, na fuawe la chuma karibu na kichwa chake. Mfua chuma na mtawala walikuwa jirani tangu zamani. Katika masimulizi ya Waluba, mwindaji Mbidi Kiluwe ndiye aliyekuja na ujuzi wa chuma na heshima ya ufalme, ikarithiwa na mwanaye Kalala Ilunga.

Na karibu zaidi, hapa Walikale, Wanyanga wana Mwindo. Ni hadithi ndefu ya mtoto wa mwami Shemwindo wa Tubondo, mtoto ambaye baba yake hakumtaka, aliyezaliwa akiwa tayari anatembea na kusema. Mwaka wa 1956 mzee Shé-Karisi Rureke aliiimba na kuisimulia kwa siku 12, na watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha kitabu mwaka wa 1969. Ndani yake kuna sehemu ambayo fundi yeyote wa chuma wa Goma angeifurahia. Mwindo anapojiandaa kurudi kupigana na baba yake, anakwenda kwanza kwa wajomba zake upande wa mama, Baniyana, ambao ni popo na ni wafua chuma. Wajomba wanamfulia mavazi: viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati ya chuma, kofia ya chuma.

Mtoto aliyekataliwa, akavalishwa chuma na wajomba zake wafua chuma. Picha hiyo haimo ndani ya makumbusho yoyote, hakuna wa kuirudisha wala kuikopesha. Haina siri ya chama inayovunjwa, maana iliimbwa mbele ya watu wote, wanawake na watoto wakiitikia. Tena inasimuliwa mpaka mwisho wake: Mwindo hamuui baba yake. Anamtafuta mpaka chini ya ardhi, anamrudisha Tubondo, na inchi inagawanywa kati yao.

Namna ya kuifanya, toli ngapi, uso upi, hayo ni ya mafundi. Wazee Wanyanga wanaojua vipande vya hadithi hiyo bado wanapatikana, wengine wakiwa Walikale, wengine hapahapa mjini kwa watoto wao waliokimbia vita. Kuwatafuta hakugharimu hata kilo moja ya ferabeto.